Njia ya Kusini, Mbali na Maji Yasiyolala

Saint-François-Xavier, kando ya Mto Assiniboine
2 Juni 1859

Kwa mdogo wangu Elzéar,

Pokea salamu za nyumba nzima, na kama umekonda usinifiche. Sisi huku ni wazima. Mume wangu Théodule goti limeanza kumuuma, kama linavyomuuma kila mwaka siku ya kwanza ya kulima. Watoto hawajambo, ila Rosalie ameng'oka jino la mbele na anacheka akiwa ameziba mdomo. Kaburi la mama nimelipalilia. Yale maua ya zambarau yenye manyoya, yanayotoka theluji ikiwa haijaisha, yaliota pale juu yenyewe. Sikuyapanda mimi.

Sasa nisikilize. Uliniambia unawaongoza Waingereza wanaokwenda kuwinda. Jumapili Padri katusomea gazeti baada ya misa, na humo limo jina la huyo Bwana Thornbury wako. Haendi kuwinda. Ametumwa aitazame mbuga yote hadi milimani, kisha aandike kitabu cha kuwaambia wakubwa wa London kama ardhi yetu inalimika. Akisema inalimika, watakuja na minyororo ya kupimia, na uzio, na makaratasi. Huku kwetu mtoni wameshaanza kuja wawili watatu. Juzi mmoja kasimama ugani kwangu ananiuliza mimi, Domitilde Gariépy, niliyezaliwa hapa, kwamba nimetokea wapi!

Wewe ndiye kiongozi wao. Wanakwenda unakowapeleka. Basi wapitishe njia ya kusini, mwezi wa Agosti, kwenye maziwa ya magadi, ambako hata panzi anatembea na chakula chake. Waone hayo, waandike hayo, warudi kwao. Na ile chemchemi ya wajomba zetu Wakrii, Maji Yasiyolala, wasiione hata kwa mbali. Mama alituonyesha sisi. Hakuwaonyesha wao.

Nijibu upesi. Barua mpe mtu mzima, usimpe mlevi.

Dada yako,
Domitilde

*

Ngome ya Qu'Appelle
11 Julai 1859

Dada Domitilde,

Shikamoo. Barua yako imenikuta siku thelathini na tisa baada ya kuiandika, na aliyeileta alikuwa mlevi, kwa hiyo tumshukuru Mungu. Pole kwa goti la shemeji. Mwambie lingehamia kwenye ulimi lingekusaidia zaidi. Mimi sijakonda. Nyati tuliwakuta siku ya kumi na nane, fahali watatu wazee, tukala ulimi na nundu mpaka tukashindwa kufunga mikanda.

Nikueleze watu wangu. Bwana Thornbury ana saa nne mifukoni, zote zinasema muda wa London, na beseni la kuogea linalobebwa na mkokoteni wake peke yake. Siku tulipotoka kwenye miti ya mwisho tukapanda kilima, mbuga ikafunguka mbele yetu mpaka mwisho wa macho, alisimamisha farasi akavua kofia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Kisha akasema, "Hakuna kitu."

Nikamuuliza, "Hakuna kitu gani?"

"Hakuna kitu chochote! Utadhani Mungu alianza kazi akaitwa kwenda kula."

Na papo hapo akaandika hivyo hivyo daftarini. Mbele yake palikuwa na swala kama mia, mwewe wawili, kuchakuro wanapigiana miluzi mashimoni, na moshi wa watu wanaopika upande wa magharibi. Anatafuta mti, dada. Asipouona mti, anaona hakuna kitu.

Mwingine ni mzee Pargeter, mtaalamu wa mimea, ana miaka sitini na mitatu. Huyu ni kichekesho cha aina nyingine. Anatandika blanketi lake majanini, anachora mpaka wake kwa kamba, analitoa, kisha anapiga magoti humo ndani na kuhesabu kila kinachoota. Amehesabu aina arubaini na tatu kwenye blanketi moja! Majani ya kijivu ya kufukizia, ua la moto wa mbuga, viwaridi, nyasi ya mkia wa nungu. Siku moja alichimba shina moja la nyasi kuanzia asubuhi mpaka mchana, akaingia shimoni mpaka kifuani, na mzizi ulikuwa bado unaendelea chini. Akaniita. "Gariépy, njoo uone! Msitu upo. Umeota kichwa chini." Kifaransa chake kibovu lakini nilimwelewa.

Kuhusu lile jambo lako, nimesikia.

Mwambie Rosalie acheke tu, meno mengine yanakuja.

Mdogo wako,
Elzéar

*

Saint-François-Xavier
9 Agosti 1859

Kwa Elzéar,

Salamu zako zimefika na tumezipokea. Watu wa msafara wa uwindaji wamerudi salama, hakuna aliyeanguka kutoka kwenye farasi wala aliyevunjika. Nyama imekuja. Nimekaa na wanawake wenzangu tunaponda, tunachanganya na mafuta na matunda, tunashona mifuko. Hayo ya uwindaji yanatosha.

"Nimesikia" ni jibu gani? Mbwa wangu naye husikia. Nimekuuliza jambo moja, wewe umenijibu mizizi.

Najua unavyofanya. Ukimpenda mtu unaanza kumcheka, na huyo mzee wa blanketi umemcheka ukurasa mzima. Mpende ukipenda, lakini yeye akimaliza kuhesabu atarudi kwao kwenye nyumba ya mawe. Watoto wangu hawana kwao pengine. Elzéar, sijawahi kukuomba kitu tangu mama afariki. Sasa nakuomba.

Domitilde

*

Kwenye kona ya Mto Saskatchewan Kusini
30 Septemba 1859

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Tulipita kusini. Bwana Thornbury ameandika kwamba ni jangwa, halifai kwa jembe, halifai kwa ng'ombe, halifai kwa binadamu, na kwamba atamshauri Malkia asipoteze hata shilingi hapo. Amenisomea mwenyewe, kwa sauti, akiwa amesimama.

Farasi wawili wamekufa. Mzee Pargeter anaumwa kidogo. Tunapanda kaskazini kwenda kukaa majira ya baridi Ngome ya Carlton.

Nadhani hayo ndiyo uliyotaka.

Elzéar

*

Saint-François-Xavier
4 Novemba 1859

Kwa mdogo wangu,

Theluji imeshika ardhi tangu juzi. Watoto wazima, Théodule mzima, mimi mzima kwa nje.

Barua yako niliisoma nikafurahi nusu siku. Nilipika chai ya pili. Kisha akaja Onésime, yule mwendesha mikokoteni wenu mliyemrudisha na mizigo. Nikampa chakula, nikamuuliza habari zako, akaangalia sahani.

"Kaka yako yupo," akasema.

"Najua yupo. Mbona unasema kama mtu aliyeona maiti?"

"Niliyoona si maiti. Ilikaribia."

Akaniambia yule mzee alibebwa siku tatu kwenye ngozi ya nyati iliyofungwa kati ya farasi wawili, ulimi umemvimba umekuwa mweusi, akiongea na mke wake aliyefariki. Akasema wewe ulitembea kando yake kwa miguu muda wote huo, hukupanda farasi. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Muulize Elzéar. Sisi tulikuwa tunamfuata yeye."

Hii nyumba ikawa ndogo. Nilitoka nikakaa zizini na ng'ombe.

"Anaumwa kidogo," umeniandikia. Elzéar, mimi ndiye niliyekulea mama alipokuwa na homa ya miezi minne. Nijue yote. Kama mzee amekufa, niambie amekufa. Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nimeshiba.

Dada yako

*

Ngome ya Carlton
3 Januari 1860

Dada Domitilde,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Hajafa. Nakuandikia hilo kwanza upumue.

Huku baridi imefanya wino kuwa barafu, nauweka kwapani nikiandika. Mzee yupo upande wa pili wa moto anabandika majani makavu kwenye karatasi, na ananitukana kwa sababu natikisa meza.

Nilikaa kimya kwa sababu sikujua niseme ni kosa la nani. Sasa najua ni langu. Wewe uliomba, lakini miguu ilikuwa yangu.

Mwishoni mwa Agosti Bwana Thornbury aliniuliza kama kuna maji upande wa kusini magharibi. Nikasema yapo. Yapo kweli, ya magadi. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili tukafika ziwa la kwanza, jeupe pembeni kama maziwa yaliyoganda, farasi wakanywa wakaharisha. Mbuga kule siku hizo ni udongo uliopasuka, mipungate midogo inayochoma kwato, na mafuvu ya nyati. Bwana Thornbury aliandika mpaka akaishiwa wino. Nikajiambia, kesho nitageuka, ameshaona ya kutosha. Kesho ikafika, akawa bado anasema, "Labda mbele kuna nafuu," nami nikaona aondoe hiyo labda. Nikaendelea.

Maji Yasiyolala yalikuwa kaskazini yetu mwendo wa nusu siku, dada. Siku zote zile tano. Nilikuwa nalala nikiwa nimeyageuzia mgongo.

Siku ya tano mchana mzee alianguka kutoka kwa farasi wake jike mwekundu. Tulikuta maji yake mengi alikuwa akimpa yule farasi, kwa kofia, sisi tusipotazama. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kama ngozi tupu. Sikumuuliza Bwana Thornbury. Nilimweka mzee mbele yangu kwenye tandiko, nikachukua mapipa mawili madogo, nikakimbiza farasi kaskazini.

Unapajua pale. Mtu anapita hatua mia haoni kitu, kisha ardhi inafunguka chini ya pua ya farasi, na huko ndani kuna vichaka, na mnanaa, na ndege, na maji yanayotoka chini ya jiwe kama yana haraka. Nilimlaza miguu ndani ya maji, nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Jua lilikuwa linazama alipofungua macho. Akatazama huku na huku muda mrefu. Akanyoosha mkono akachuma jani la mnanaa, akalinusa.

"Kumbe ni hapa," akasema.

"Ulikuwa unapajua?"

"Sikupajua. Nilijua papo mahali kama hapa. Tangu siku ya tatu. Njiwa, Gariépy. Kila jioni walipita juu yetu wakienda kaskazini, na njiwa hulala karibu na maji."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilidhani utageuka kesho," akasema. "Kila siku nilidhani utageuka kesho. Hukuonekana mtu mbaya."

Nikalia, dada. Nimeshaliandika, silifuti. Nikamweleza barua yako, na ule mnyororo wa kupimia, na yule mtu ugani kwako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho, homa ikamchukua siku nyingi. Nilirudi naye na mapipa nikawanywesha wale wengine, ndipo ukaanza ule mwendo wa siku tatu wa kumbeba. Bwana Thornbury akauliza maji nimeyapata wapi. Nikasema bahati. Hakuuliza tena; nadhani hakutaka kujua. Jangwa linasomeka vizuri zaidi kuliko chemchemi, na aliyelivuka huonekana shujaa.

Lakini mzee naye anaandika kitabu chake. Orodha ya kila kilichoota, siku kwa siku, pamoja na udongo wake. Jana aliniuliza, "Nikiandika kweli, utanichukia?" Nilimwambia aandike. Nimechoka kugeuzia vitu mgongo.

Unikasirikie, ni haki yako. Baridi ikipungua kidogo, kabla barafu haijaachia, anashuka kwenda kwao, na njia inapita mlangoni kwako.

Elzéar

*

Saint-François-Xavier
26 Machi 1860

Kwa mdogo wangu Elzéar,

Salamu kutoka kwa wote. Rosalie amepata jino jipya, kubwa kama la sungura. Théodule goti zima, utaona kwa nini.

Barua yako ilifika Februari, na nilikasirika wiki tatu. Nilikukasirikia wewe kwa kumwambia mzee yote, na wewe kwa kutosema mapema, kisha nikamkasirikia yule mzee kwa kutokufa na kutokuwa mtu mbaya. Ningejua la kufanya na mtu mbaya.

Akaja. Kwa sleji, kigari cha theluji kinachovutwa na mbwa, amefungwa blanketi kama mzigo wa chai, ndevu zote barafu. Nikamkalisha karibu na moto, nikampa supu na mkate wetu wa galeti, moto. Alikula galeti tano, Elzéar, na mabaki akatia mfukoni akidhani sioni. Nikasubiri apanguse mdomo.

"Bwana," nikamwambia, "barua iliyokupeleka kule niliiandika mimi."

"Najua, mama. Nimekuja kuiona mikono iliyoiandika."

"Basi uiangalie. Naomba radhi. Nilitaka muone kiu. Sikutaka mtu afe."

Akasogeza kiti karibu na moto. Théodule alikuwa amesimama mlangoni anachezea kofia. Mzee akasema, "Nimesoma vitabu vya wote waliovuka mbuga ile kabla yangu. Aliyetumwa kutafuta mashamba aliona mashamba. Aliyetumwa kutafuta njia alilalamikia matope. Mimi nilijiona nina akili kuliko wao. Kumbe mimi nami nilitumwa, ila sikujua ni na nani."

Nikamwomba nione hiyo orodha yake. Kurasa na kurasa! Mia mbili na kumi na sita, kila moja ina jani lake limebandikwa. Nikaanza kuzifunua ili nimchukie vizuri. Kwenye ukurasa wa nne nikasimama.

"Hili jina gani?"

Akanisomea neno refu la Kilatini.

"Hapana. Hiki ni kiazi cha mbuga. Mama alikuwa anakichimba mwezi wa sita, anakisuka kama nywele, anakianika. Ukikichimba Agosti hukioni, majani yameshapeperuka. Ndiyo maana umeandika ni adimu. Si adimu, umechelewa."

"Mama yako alikiitaje?"

Nikamwambia. Akaandika. Akafunua mwingine, nikamwambia. Tukakaa pale mpaka Théodule akawasha taa, mimi nasema maneno ya Kikrii ambayo sikuwa nimeyatamka tangu tumzike, hili la tumbo, hili la kumtuliza mtoto anayeota meno, hili wanalipenda swala. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutuuliza, Elzéar. Sauti yangu ilikuwa imekauka nilipomaliza, na mezani palikuwa na kitu ambacho mtu akikisoma hawezi kusema hakuna kitu.

Mwisho nikamuuliza ameandika nini kuhusu Maji Yasiyolala.

"Yapi hayo?" akasema, uso mkavu kabisa. "Nilikuwa nimezimia, mama. Siwezi kumwambia mtu mahali ambapo sikufika nikiwa na akili zangu."

Tukacheka mpaka watoto wakatoka vitandani.

Sasa nami nikuambie nililokuficha. Uwindaji wa mwaka jana niliandika "nyama imekuja". Ilikuja nusu. Wanaume walikwenda siku kumi na mbili zaidi ya desturi ndipo wakaona kundi, na kundi lenyewe dogo. Mikokoteni mingine imerudi mitupu. Nilikataa kuliandika, nikiona nikiliandika litakuwa kweli. Nilikuwa nahangaika kuwazuia watu wasije, wakati nyati ndio wanaondoka, wanaelekea huko uliko. Kitabu cha Bwana Thornbury hakitawarudisha.

Tumezungumza, mimi na Théodule, na nyumba tano za jirani. Tunahama, ndiyo maana goti la Théodule limepona: halilimi hapa mwaka huu. Majembe tunabeba, mbegu za shayiri tunabeba, mlango wa nyumba tunaung'oa tunabeba. Wakija wa kupima, wakute moshi wetu, na bustani, na watoto wanaopajua kila pahali kwa jina lake. Kwa mjomba nilituma tumbaku tangu Novemba, na ujumbe wa kuomba nafasi bondeni kwake, karibu na Maji Yasiyolala, na jibu lake limekuja kabla ya lako: kasema tulichelewa sana, na tuje na fidla.

Kwa hiyo usinijibu barua hii. Hutatukuta. Tunaondoka Jumatatu baada ya Pasaka, mikokoteni kumi na minne, na anayetangulia mbele ni mimi, kwa sababu Théodule anaogopa mito. Tangulia huko kwa mjomba, uchimbe tanuri la mkate upande usiopigwa na upepo, upana wa galeti ishirini. Na uoge.

Dada yako,
Domitilde